Barua Ambayo Karani Hakuiandika

Karani alikuwa na koti moja la rangi ya majivu, na alilivaa kila siku ya kazi, pale Changamwe, katika joto lile. Vibarua walimcheka wakiwa mbali. Wakifika dirishani pake walivua kofia. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi yake miaka ya vita na baada ya vita kidogo, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, na kwa kuwa nilikaa naye kuliko mtu yeyote wa ofisi ile, naona nina haki ya kumsema. Alizaliwa wapi na babu zake walikuwa nani, hayo sitayaandika. Mengine siyajui, na ninayoyajua hayamhusu mtu.

Kambi yetu ilikuwa safu za vyumba vya mabati upande wa Magongo, na lango moja lenye askari. Alfajiri vibarua walichukuliwa kwenda bandarini kupakua meli, magharibi wakarudishwa. Kila mmoja alivaa kipande shingoni, kile kikopo cha bati chenye karatasi ya jina lake na alama za vidole vyake. Mtu hakuweza kwenda kwao mpaka apate barua ya ruhusa yenye sahihi ya bwana mkubwa. Akiondoka bila barua alikuwa mtoro, na mtoro wakati wa vita mahali pake ni jela. Barua hizo aliziandika Karani. Bwana mkubwa alitia sahihi tu, mara nyingi bila kusoma. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alikuwa na funguo za lango lile, tazama mwenye koti.

Na alijua kuutumia ukubwa huo. "Rudi kesho" lilikuwa neno lake. Mtu amefiwa, rudi kesho. Mtu mkewe amejifungua, rudi kesho. Si kwamba alitaka kitu. Hongo hakula, hilo nitamshuhudia popote. Alipenda tu kuwaona wakirudi. Nadhani ndani ya kambi ile, ambamo hata yeye aliitwa "boi" mbele ya watu na kijana wa kizungu asiyejua kuandika vizuri kumshinda, hiyo "rudi kesho" ndiyo iliyokuwa sukari ya chai yake. Nasema hivi sasa. Wakati ule nilimwona ni mshenzi mmoja tu.

Lakini Jumapili alasiri mshenzi huyo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, alichokipata kwenye mnada wa vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kilikuwa cha Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na hadithi za Warusi. Sisi habari za Warusi tulizokuwa nazo ni kwamba wako upande wetu vitani. Karani alitoa kreti mbele ya chumba chake, akaketi bila koti, akasoma ukurasa kimyakimya huku midomo ikimtikisika, kisha akatusimulia kwa Kiswahili cha pwani, taratibu, neno baada ya neno. Majina yalikuwa marefu mno, akayabadilisha. "Huyu tumwite Charo," alisema. "Huyu mama yake tumwite Sidi. Wameshika safari na baridi inaua." Theluji alitufahamisha kwa barafu ya samaki pale bandarini: fikirini hiyo, alisema, lakini imemwagwa nchi nzima na hakuna samaki. Watu walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu Charo alikuwa anakufa njiani.

Hadithi alizozipenda zilikuwa za namna moja. Pana mtu aliyefanya ubaya, ama aliyeishi maisha yake yote bila kumwonea mtu huruma, na amejifungia nao moyoni. Padri akija kumhubiria, wapi. Serikali ikimpiga, anazidi kuwa mgumu. Kisha anatokea mtu dhaifu, mtumishi au mwanamke au mgonjwa, anakaa naye karibu bila kumdai neno, na yule mgumu anaanza kuteseka kwa sababu ametendewa wema. "Mtu hageuki kwa kuhubiriwa," Karani alituambia mara nyingi, kidole hewani. "Hugeuka kwa mtu. Na kugeuka kwenyewe kunauma, msidhani ni raha." Alisema hayo machozi yakimlengalenga, na Jumatatu asubuhi akamwambia mfiwa arudi kesho. Mimi nilifagia ofisi nikatikisa kichwa.

Sasa niseme lile neno, maana bila hilo Karani hajulikani, wala mimi.

Palikuwa na kibarua aitwaye Kazungu, kijana mpole, mwenye mabega mapana, na kicheko kilichomponyoka hata pasipofaa. Alitoka upande wa Kaloleni, kijiji kimoja na mimi. Ua wao na ua wetu viliachana kwa shamba moja la mihogo. Siku moja akaletewa habari kwamba mama yake yu taabani. Akaja dirishani jioni kuomba ruhusa. Nami nilikuwa chumba cha ndani nikipanga majalada, mlango wazi. Hakuniona. Nikamsikia Karani, aliyekuwa ameinama juu ya kitabu chake, akimjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia dirishani pale.

"Nenda," alisema. "Mama hangoji wino. Wewe nenda sasa hivi, barua nitaiandika, na bwana atatia sahihi asubuhi. Askari wa langoni mwambie nimekutuma mimi."

Ulikuwa wema. Nataka lieleweke hilo: mwanzo wa balaa lile lote ulikuwa wema, pengine wa kwanza aliowahi kuutenda kwenye dirisha lile. Kazungu akaondoka mbio. Karani akarudi kwenye ukurasa wake, giza likaingia, akafunga ofisi, na barua hakuiandika.

Asubuhi bwana mkubwa akaja amechafukwa, meli mbili zinangoja na watu hawatoshi. Akaita majina mwenyewe. Alipofika kwa Kazungu hakuitika mtu. "Yuko wapi huyu?" Nilisimama mlangoni na sinia la chai. Nilimwona Karani akifungua mdomo, akaufunga, akaitazama meza isiyo na barua. Angeweza kusema, "Nimesahau, bwana, kosa langu." Angetukanwa, labda angefukuzwa. Akasema, "Ametoroka, bwana."

Maneno mawili tu. Nami nikaweka chai mezani, nikauliza kama bwana anahitaji kitu kingine.

Askari walimfuata Kazungu mpaka kwao. Walimkuta ameketi kitandani kwa mama yake, amemshika mkono. Wakamfunga kamba mbele ya yule mgonjwa na kumpeleka jela. Mama hakumaliza juma. Na kaka zake Kazungu, wanaume watatu wakavu wa maneno, wakakata shauri: huyu alitoroka kazi akatuletea askari juu ya kitanda cha mama, askari ndio waliomuua, na aliyewaleta ni yeye. Asitie mguu kwenye ua huu, wala asimwage hata tone la maji penye kaburi la mama, mpaka apatikane mtu wa kutuambia kwamba hakutoroka.

Kazungu alipotoka jela alirudishwa kambi ileile. Kipande chake kilikuwa kimechafuka, hakuna mwajiri mwingine ambaye angemchukua, na kwao hakuna mlango. Akaja dirishani siku ya kwanza, amekonda, akauliza bila hasira, "Karani, ile barua ilikuwaje?"

"Niliiandika," Karani akasema. "Bwana aliichana."

Kazungu akamwamini. Tena akamshukuru. Akampa mkono kwa kumpitishia dirishani, na Karani akaupokea. Nadhani ndipo mlango wa gereza lake yeye ulipofungwa.

Maana tangu hapo Kazungu alimganda. Alimwona ndiye mtu pekee aliyejaribu kumtetea. Alimletea madafu. Alimzibia bati la chumba lililovuja. Karani aliposhikwa na malaria, Kazungu alirudi kutoka bandarini, mgongo umechubuka kwa magunia, akakaa naye akimkanda kwa kitambaa cha maji mpaka alfajiri ikamkuta. Karani alijaribu kila njia ya kumwepuka. Alimkaripia bure. Alimpangia zamu za mbali. Wapi! Kazungu alicheka kile kicheko chake, akasema, "Karani ana maradhi ya hasira, dawa yake ni kuzoeana naye." Na kila mara alimwomba jambo moja: twende kwetu, uwaambie kaka zangu kwamba ulinipa ruhusa. Karani akajibu mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, akajibu mwezi ujao. Aliogopa. Neno likifika kwa chifu litarudi ofisini, na kumdanganya bwana ili mtu afungwe, wakati ule wa vita, lilikuwa kosa la kumfungisha yeye.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ya ajabu. "Rudi kesho" ikapungua. Ikafika siku haipo tena. Akawa anawaandikia vibarua barua zao za nyumbani, jioni, pale kwenye kreti, akiwauliza majina ya watoto wao na kuyakumbuka. Akamkabili bwana mkubwa mara moja, mbele yetu, kwa ajili ya kibarua aliyepigwa teke, na akatukanwa kwa hilo hadi koti likaloa jasho. Watu wakasema, Karani ameokoka. Hakuokoka. Alikuwa analipa pembeni deni ambalo hakuthubutu kulilipa pale linapodaiwa, na alijua hivyo, na ndiyo sababu macho yake yalikuwa mekundu kila siku.

Jumapili moja alitusimulia habari za Mrusi mmoja aliyeapa uongo juu ya jirani yake, jirani akapelekwa nchi za mbali, na yule mwongo baada ya miaka akamweleza mkewe yote, akalia, akajisikia mwepesi. Wengine wakapumua. Kazungu akakunja uso.

"Akamwambia mkewe?" aliuliza. "Na jirani je?"

"Jirani yuko mbali," Karani akasema.

"Hana ndugu? Hana ua? Hawa Warusi wako hawana wazee wa kukalisha watu chini?" Watu wakaanza kucheka, naye akaendelea, anacheka pia. "Kumwambia mkewe ni rahisi, Karani. Mke atampikia hata hivyo. Angekwenda kwa wenye msiba tungemjua ni mwanamume."

Karani akafunga kitabu. Hadithi ilikuwa haijaisha, lakini alisema imeisha. Aliniangalia mimi juu ya vichwa vya wale watu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sinia, na nikafahamu kwamba anajua kuwa najua.

Mtauliza, na wewe tarishi? Mimi nilikuwa na kazi ya kivulini na watoto watatu. Nilijiambia kwamba kosa ni la Karani, aungame Karani. Ulimi wangu niliukalia, na kila wakati wa mavuno nilikwenda nyumbani Kaloleni, na kwa kuwa ni majirani niliketi mkekani na kaka zake Kazungu, nikala sima yao. Basi nilipokuwa nikimcheka Karani kwa unafiki wake wa Jumapili, nilikuwa nacheka tumbo likiwa limejaa chakula cha wenye msiba. Sijapata neno la kulipamba hilo.

Vita vikaisha, vibarua wakapunguzwa. Kazungu akaachiliwa, akavuka Likoni, akapewa kipande cha shamba la kulima na mzee mmoja wa Kiislamu wa kule. Haukupita mwaka, Karani naye akaacha kazi. Bwana mkubwa alishangaa, sisi pia. Kiti chake nikapewa mimi, maana nilikuwa nimejifunza kuandika kwa kumtazama. Nilikaa dirishani lile, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilitamani kumwambia mtu arudi kesho.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya arobaini. Niliambiwa ni mgonjwa, miguu imevimba, yuko Likoni. Nikanunua mkate na sukari, nikavuka. Nilimkuta kwenye kibanda cha makuti, nyuma ya nyumba ya Kazungu, ambaye ndiye aliyemtunza. Amezeeka kuliko miaka yake. Alifurahi kuniona, akanitania kwamba nimenenepa kwa kukaa kwenye kiti chake.

"Nimemwambia," akasema, kabla sijaweka mkate chini.

Sikuuliza nini. "Akasemaje?"

"Tulikuwa tunakula. Akaacha chakula, akatoka. Siku tatu hakunisemesha, ila chakula alinitilia. Siku ya nne akaja akasema, simama, twende kwa kaka zangu." Akajikanda goti. "Tulikwenda. Nilitembea kwa miguu hii. Nilisema yote, mbele ya wanawake na watoto. Nilisema ni mimi."

"Alhamdu... ashukuriwe Mungu," nikasema. "Basi yamekwisha."

"Hayakwisha. Kaka mkubwa aliniuliza, unakula chungu cha nani? Nikasema cha Kazungu. Akasema basi huna neno hapa."

Nilielewa, kwa kuwa ni kwetu. Mtu akija kujitwika hatia ili mwenziwe atoke, wazee wetu hutazama kwanza chungu. Akiwa anakula kwa yule anayemtetea, neno lake ni la shibe, halipokelewi. Wangetaka mtu mwingine aliyesikia, ambaye hali kwa Kazungu. Na kama anakula kwa wenye msiba wenyewe, ndiyo bora zaidi.

"Ulimtajia Kazungu kwamba nilikuwepo?" nikauliza.

"La. Mimi nimetoa langu. Lako si langu kulitoa." Akanitazama kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko angenitukana. "Anakuja huyo, anatoka shamba. Ukitaka kuondoka, njia ya nyuma ipo. Sitasema ulikuja."

Nilikuwa nimekwisha simama. Sitaficha: miguu ilikuwa inaelekea nyuma. Lakini Kazungu alikuwa ameniona, akapaza sauti, "Ee! Jirani! Umetukumbuka?" akaja anacheka, jembe begani, akanishika mkono kwa mikono miwili. Na mkono wangu ukiwa humo ndani ya mikono yake, nikasema.

"Nilisikia, Kazungu. Siku ile. Nilikuwa chumba cha ndani. Nilimsikia akikwambia nenda, na asubuhi nikamsikia akisema umetoroka."

Hakuuachia mkono. Kicheko kiliondoka usoni pake polepole. Akauliza, "Ulikuwa unakwenda nyumbani, wakati wa mavuno?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Ukila kwetu?"

"Nikila kwenu."

"Walikuwa wakisema nini juu yangu?"

"Kwamba ulimletea mama askari."

"Na wewe ukasema nini?"

Ningeweza kumwambia nililia moyoni. Karani alikuwa ananitazama kutoka kwenye kizingiti. Nikasema kweli yenyewe. "Niliomba niongezewe mboga."

Kazungu akaniachia. Akakaa chini, mchangani, ametugeuzia mgongo. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Jumapili utakwenda kula tena."

Jumapili tulikwenda watatu. Karani tulimkodia baiskeli, akakaa nyuma, mimi na Kazungu tukaisukuma kutoka pale lori lilipotuacha. Karani na Kazungu wakabaki nje ya ua. Mimi nikaingia, nikapokewa, nikatandikiwa mkeka pamoja na kaka watatu. Mke wa kaka mkubwa akaleta sima na mchicha wa nazi, akaweka sahani mbele yangu, akashika birika la kunawisha. Nikakunja mikono kwapani. Kwetu mtu akishanawa haleti tena kesi.

"Kabla sijanawa nina neno," nikasema. Nikalisema lote, na miaka yote niliyokula pale, mavuno kwa mavuno, huku najua.

Hakuna aliyenipiga. Kaka mkubwa alitazama mikono yake, kisha akauliza, "Yuko wapi?" Nikaonyesha nje. Wanaume wale watatu walibaki wamekaa, hakuna aliyejua ainuke vipi.

Aliyeinuka ni yule mwanamke. Aliweka birika chini, akachukua sahani iliyokuwa mbele yangu, akatoka nayo hadi nje ya ua, akampa Kazungu. Nilimwona kati ya miti ya ua akiipokea kwa mikono miwili. Kisha Kazungu akaketi chini kando ya Karani, akamega tonge la kwanza, akampa yeye.

Mimi nilibaki mkekani na wale kaka watatu, mikono yangu mikavu.